Mistari Ndani ya Bawa la Kushoto

9 Februari

Mjomba,

Shikamoo yako utaikuta chini kidogo, leo nivumilie. Kuna sauti imenikaa kichwani tangu Jumamosi, na nisipoitua kwanza sitaandika kitu kingine cha maana.

Tulikuwa tunageuza bawa la kushoto la ndege yako, mimi na jirani yetu mchomeleaji, huyu uliyempa jina la Cheche. Tulitaka kulilaza kifudifudi nifute vumbi upande wa chini. Lilipofika nusu ya mgeuko, ndani yake kitu kikateleza: krrr, halafu tik. Kama punje kavu inayokimbia ndani ya debe mpaka igonge ukuta. Tukaligeuza tena, kimya. Mara ya tatu, kimya. Cheche akasema, "Mwalimu, hili bawa limekohoa." Nilicheka. Lakini Jumatatu nilikuwa mbele ya darasa nafundisha mawimbi, chaki mkononi, na bado naisikia.

Sasa shikamoo, Mjomba. Mama hajambo, goti lake limetulia tangu aache kupanda ngazi za duka. Anakusalimu, na anauliza lini utakuja kuondoa "hilo tenga la kuku" kwenye karakana yako, apate pa kuanikia nguo wakati wa mvua. Nilimwambia tenga la kuku halina injini. Akajibu, "Hata hilo halina. Injini iko sebuleni kwangu, wageni wanawekea vikombe."

Bawa la kulia nimefika ubavu wa tisa. Nimekwama. Matundu ya ngozi ya bati na matundu ya mbavu yalikuwa yanakutana vizuri kuanzia mwanzo, lakini kila nikikaribia ncha yanapishana, mwishoni kabisa kwa milimita moja nzima. Nimepima mara nne. Asubuhi yanakaribia kukutana, jioni yanapishana tena. Nimeanza kuamini kiwanda kilituletea bati la ndege nyingine.

Bawa lako la kushoto sijaligusa. Ulilifunga mwenyewe kabla ya kuhamia kwa binti yako, ribiti mia nne na kumi na mbili za kushikia bati zimejipanga kama meno ya mtoto. Lakini kitu kinachotembea ndani ya bawa lililofungwa kinaweza kwenda kukwama kwenye fimbo ya usukani. Nifanye nini?

Mpwa wako


27 Februari

Mpwa wangu, Mwalimu,

Marahaba, ingawa imefika imechoka. Kumbe msomi akiona bawa husahau adabu? Mwambie dada yangu nimepata salamu zake na tenga lake nitaliondoa kwa kulirusha. Huku sote wazima. Binti yangu amebadilishiwa zamu kazini, sasa ananipikia asubuhi na mimi napasha mchana. Mjukuu ameng'oka jino akalimeza. Tumelisubiri siku mbili, halikuonekana.

Usinipigie simu kwa mambo ya vipimo. Simu inasahau, karatasi haisahau.

Nianze na matundu yako. Ulipima saa ngapi? Ile ngozi umeilaza upande wa mlango, najua, kwa sababu ndipo penye nafasi. Jua la mchana linaingia pale mpaka saa kumi. Mbavu ziko kivulini. Mbao huvimba kwa maji, bati huvimba kwa jua. Ngozi yako ina urefu wa mita tatu na nusu, ikipata joto inarefuka, mbavu zinabaki zilivyo, halafu unalaumu kiwanda. Lete vyote viwili kivulini, viache vilale pamoja, asubuhi na mapema anza katikati kwenda nje kwa vile vibanio vya muda, tundu moja acha, la pili bana. Na wewe ndiye unayefundisha watoto wa watu kwamba vyuma hutanuka! Nimecheka mpaka binti yangu akaja kuangalia kama nimepaliwa.

Sauti isikusumbue. Ni msumari wa ribiti. Kila ribiti ya kuvuta ikishabana hukatika msumari wake, na mimi niliitupa yote kwenye kopo la rangi. Nilipomaliza nikahesabu: mia nne na kumi na moja. Mmoja ulipotea, nikasema utajitokeza. Umejitokeza. Ni wa chuma, kwa hiyo sumaku itaushika. Fungua kile kidirisha cha ukaguzi karibu na ncha, ingiza sumaku kwenye waya, inamisha bawa, utakuja wenyewe. Kisha funga. Usikae kumulika tochi humo ndani bila sababu. Kazi iliyofungwa imefungwa.

Jingine. Nimeandikiana na mkaguzi, atakuja katikati ya Novemba. Na yule rubani mstaafu, mwenzangu wa kucheza bao, amekubali kukaa kitini kuirusha mara ya kwanza. Nataka mwaka huu, Mwalimu. Si mwakani. Usiniulize kwa nini. Nimeanza kulijenga hili dude ukiwa bado shuleni, ukinitafsiria kitabu chake ukurasa kwa ukurasa. Nataka kuliona likiwa juu.

Mjomba wako


21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo wote. Mama amenunua mapazia mapya, kwa hiyo sasa injini imevikwa ya zamani, inapendeza kuliko mimi. Jino la mjukuu Mama analiombea safari njema.

Ulikuwa sahihi kuhusu jua. Niliandika hesabu yake ubaoni kwangu nyumbani, urefu mara tofauti ya joto mara kile kigawo ninachowakaririsha wanafunzi kila mwaka, jibu likawa milimita moja na nukta mbili. Nilikaa kwenye kiti nikaliangalia. Kitu ninachokijua kilikuwa mbele yangu wiki tatu na sikukitambua kwa sababu hakikuja kimevaa sare ya mtihani. Ngozi imekaa. Matundu yote yamekutana.

Msumari nao umetoka, sumaku iliunasa mara ya pili. Nimeutia kwenye kopo pamoja na wenzake. Sasa wametimia.

Lakini nilimulika tochi. Nilitaka kuhakikisha hakuna mwingine. Niliazima kioo cha daktari wa meno, kile kidogo chenye mpini, nikakiingiza kwenye kidirisha. Mjomba, kwenye mbavu za ndani, na kwenye ngozi pale inapokutana na boriti kuu, kuna mistari ya unga mweupe. Imenyooka. Kila baada ya nafasi fulani mstari una alama ya V kichwani, ile unayoweka kwenye mbao kuonyesha mahali pa kukata. Kwa hiyo si vumbi. Vumbi halijui kuchora V.

Ulichorea nini?

Kuna tahadhari nimeisikia kwa fundi mmoja wa uwanja wa ndege, baba wa mwanafunzi wangu, kuhusu penseli na alumini. Sitaki kuamini maneno ya kusikia. Kwa hiyo leo nimekata vipande vitatu vya bati kutoka kwenye mabaki yako. Kimoja nimekichora kwa penseli, kimoja kwa maka peni ya wino, kimoja sikukichora kabisa. Nimevifunga kwa kitambaa chenye maji ya chumvi kidogo na kuviweka kwenye rafu ya juu. Nitakuambia.

Ila wewe ungeweza kuniambia kabla yao.

Mpwa wako


30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na samahani kwa kuchelewa. Karatasi zilikuwa hapa, kalamu ilikuwa hapa, siku ndizo zilizokuwa zinapita. Mjukuu ameota jino jipya na sasa anang'ata meza. Binti yangu anakusalimu. Nimemtengenezea stuli ya jikoni, mguu mmoja mfupi, anasema inamlaza usingizi kama kiti cha kubembea. Dada yangu umpe pole na hongera ya mapazia.

Umeshaanza kufunga kitako cha injini? Kumbuka boliti zake zinakazwa kwa ile spana yenye kipimo, si kwa nguvu za Cheche. Cheche akikaza kitu, mjukuu wake ndiye atakayekifungua. Na waya wa kufungia boliti uuzungushe kuelekea upande wa kukaza, ukiuzungusha kinyume ni pambo tu. Tairi ya pua ina hewa? Nilipoondoka ilikuwa inavuja karibu na vali.

Huo unga utakuwa ni wa ile rangi ya kwanza. Ilikuwa mbovu, ilikauka kabla ya kushika. Usihangaike nao.

Mkaguzi amethibitisha. Tarehe kumi na sita Novemba.

Mjomba wako


16 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama yuko vizuri, ameanza kwenda sokoni mwenyewe tena. Shule tumefunga kwa wiki mbili, kwa hiyo niko karakana tangu asubuhi hadi njaa. Kitako cha injini nimekifunga kwa spana yenye kipimo. Waya nimezungusha kuelekea kukaza. Tairi ilikuwa inavuja pale pale ulipoonyesha.

Barua yako ilichukua wiki kumi na haikujibu nililouliza.

Jana nilifungua vile vipande vitatu. Kile kisichochorwa kimefifia tu. Cha maka peni vivyo hivyo. Cha penseli, nilipoufuta unga, mstari ulibaki. Si rangi iliyobaki, Mjomba, ni shimo. Ukipitisha ukucha, ukucha unaingia. Penseli ni kaboni, na kaboni ikikaa juu ya alumini kwenye unyevu inakuwa kama betri ndogo: alumini ndiyo inayoliwa. Hili nalo nalifundisha, sura ya kumi na moja.

Kisha nikaingiza kijiti kirefu kwenye kidirisha nikakwangua mstari mmoja wa bawa lako, ule ninaoweza kuufikia. Unga ulitoka. Chini yake kuna vishimo. Ngozi yenyewe unene wake haufiki hata milimita moja. Sijui vina kina gani, kwa sababu huwezi kupima shimo kwa kioo cha daktari wa meno, na iliyobaki siwezi kuifikia bila kutoboa ribiti.

Sikulaumu. Nataka tu mtu aniambie ukweli ili nijue pa kuanzia.

Na kuna jambo jingine. Mwandiko wako unapanda. Barua ya Februari mistari ilikuwa imenyooka kama imepigwa kamba. Hii ya mwisho inaanzia chini kushoto na kuishia juu kulia. Ni macho?

Mpwa wako


8 Julai

Mwalimu wangu,

Marahaba. Dada yangu msalimie, mwambie asibebe mizigo hata kama goti limenyamaza.

Haya. Ilikuwa penseli. Ni uzembe wangu. Mtu ana miaka arobaini kwenye mbao, penseli inakaa sikioni kama sehemu ya sikio. Ukifikiria kupima, mkono unakwenda wenyewe. Ndiyo habari yote, hakuna nyingine, wala usitafute.

Na ni macho. La kushoto liliondoka mwaka juzi, ndiyo maana nilihama. Sikutaka kukata kidole mbele ya mama yako. La kulia daktari anasema huenda likafika mwisho wa mwaka, huenda lisifike. Presha ya macho. Haiumi. Ni kama mtu anavuta pazia taratibu huku anaongea na wewe habari nyingine. Sasa hivi naona katikati tu, kama kwa bomba. Ndege ikipita katikati ya bomba nitaiona.

Kwa hiyo nisikilize. Hivyo vishimo havikuanza jana na bawa halijaanguka. Mkaguzi anaangalia kupitia vidirisha, na huko ulikofikia wewe kwa kioo yeye hatafika. Irushwe mara moja. Mzunguko mmoja wa uwanja, dakika kumi. Nikishaiona, siku ya pili ifungue, toa kila kitu, nunua bati jipya, lijenge bawa hilo upya kwa mkono wako. Sitakuuliza tena.

Lile daftari la kijani lililokuwa kwenye droo ya chini, panya walishalimaliza. Likitokea, litupe tu, lisikuchafulie meza.

Mjomba wako


2 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa macho. Nimeandika neno hilo na kulifuta mara tatu na bado ni hilo hilo moja, kwa hiyo lipokee. Mama nimemwambia. Alikwenda sebuleni akaanza kuipangusa injini, kila bomba, kwa kitambaa chenye maji ya moto. Hajaiita tenga tangu siku ile. Anasema anakuja kukuona wiki ijayo na nisimzuie kwa habari za goti.

Daftari nimelipata. Hakuna panya hata mmoja aliyeligusa. Usingelitaja, nisingelikumbuka. Ni tafsiri yangu ya kitabu cha maelekezo, niliyokuandikia nikiwa na miaka kumi na saba, kwa kalamu ya bluu, na vichwa vya habari vimepigiwa mistari miwili kwa majivuno. Nikalilinganisha na kitabu chenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Nilifika ukurasa wa thelathini na moja. Kwenye kitabu kuna kisanduku chekundu: usichore kamwe kwa penseli juu ya alumini, tumia kalamu ya wino pekee. Kwenye daftari, mahali pa kisanduku hicho, nimeandika: "Hapa pana maneno ya usafi wa vifaa. Nimeyaruka, si ya lazima."

Nakumbuka hata kwa nini. Nilikuwa nimechoka, na kulikuwa na neno moja ambalo sikulijua, na sikutaka kukuambia kwamba kuna neno nisilolijua.

Pembeni yake kuna mwandiko wako, wa penseli: "Muuza vifaa amenieleza. Mtoto asiambiwe." Tarehe yake ni mwezi mmoja kabla ya wewe kuhama.

Kwa hiyo ulijua. Ulijua bawa likiwa limeshafungwa, ukalibeba peke yako miaka miwili, na nilipouliza ukanijibu habari za rangi mbovu na stuli, halafu ukajiita mzembe. Sijui nikushukuru au nikugombeze. Ninakupenda, na nimekasirika, na mambo haya mawili hayataki kupishana mlangoni.

Sasa kazi.

Nilipiga hesabu kabla ya kufanya lolote. Nilikisia vishimo vimekula robo ya unene, nikakisia nusu. Kwa robo, bawa linabeba. Kwa nusu, pengine linabeba. Nilikaa na hilo "pengine" siku nne. Kama ningekuwa mimi kitini, nakuapia ningekurushia, ningepita katikati ya bomba lako na kurudi. Lakini kitini atakaa rubani wako, mwenzako wa bao. Nilimtembelea. Alinionyesha viatu alivyonunua kwa ajili ya siku hiyo. Aliniuliza, "Bawa la fundi mkuu liko salama?" Wakati huo hakujua habari za penseli. Nilikunywa maji aliyonipa nikasema nitamjibu.

Nimemjibu. Nimemwambia yote, pamoja na ukurasa wa thelathini na moja na nani aliyeuruka. Mkaguzi nimemwandikia asije Novemba. Kwenye kitabu cha kumbukumbu za ujenzi, mahali pa sababu ya kasoro, nimeandika kosa la mtafsiri, nikatia sahihi.

Jumamosi asubuhi nilichukua keekee yako ya umeme nikaanza kutoboa vichwa vya ribiti, kuanzia ncha. Cheche alishika ngozi isijikunje. Hakutania hata mara moja. Jumapili saa sita mchana ngozi ya bawa la kushoto ilikuwa sakafuni, na mbavu zako zote ziko wazi. Ni kazi nzuri, Mjomba. Kila pembe imelainishwa kwa tupa, hata zile ambazo hakuna mtu angeziona.

Nimepima vishimo vyote. Ni hamsini na tatu. Kilicho kirefu zaidi kimekula chini kidogo ya nusu ya unene. Hakuna hata kimoja kilichotoboa. Kwa hiyo pengine lingebeba. Nakuambia kwa sababu una haki ya kujua nimekunyima nini.

Bati jipya na mbavu sita nimeshaziagiza, zitafika Machi. Hakuna namna ya kuziwahisha, nimeuliza kila mahali. Hutaiona ikiwa juu, na aliyeamua hivyo ni mimi. Sikukuuliza kwanza, kwa sababu ningekuuliza ungenikataza, tena kwa upole, nami ningekubali. Ndiyo maana nimeandika leo, ribiti zote mia nne na kumi na mbili zikiwa zimeshatoka.

Mpwa wako